Milulu, mianzi na utupa: safari ya kukusanya vifaa vya kihenge cha bibi, Tukuyu mpaka Kalenga

Ijumaa, Tukuyu

Nimepandia Uyole asubuhi mapema, Coaster imejaa mpaka mlangoni, ukishapita Isongole tu vioo vinaanza ukungu na ukifika Tukuyu ni yale manyunyu yake ya siku zote. Juni hii wenzetu wa Iringa wanaanika mahindi juani, huku watu wanatembea na miamvuli.

Kwa wasiojua nimefuata nini, ni hivi. Mwaka jana mahindi ya bibi mzaa baba kule Iringa yaliliwa na dumuzi, huyu wengi tunamwita Scania, ukinyanyua gunia unga unamwagika chini kama limetoka mashineni. Grupu la ukoo likawaka moto wiki nzima, baba mdogo anasema tununue pipa la bati, shangazi anasema mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inatosha, bibi mwenyewe kasikiliza wote alafu akasema yeye anataka kihenge chake, lile ghala la kusukwa la nafaka, basi. Mimi ndo nilikuwa likizo kwa hiyo kazi ya kukusanya vifaa ikaniangukia, nikaanzia huku kwa bibi mzaa mama kwa sababu vibuyu vya mbegu vinavyoeleweka viko kwake.

Nimemkuta jikoni. Ugonile bibi, kaitikia, kaniuliza habari za kila mtu mmoja mmoja mpaka majirani zetu wa Mbeya, nikaletewa chai na ndizi. Jiko lake ni lile la zamani, moto chini, juu dari la mianzi limekuwa jeusi linang'aa kwa masizi, na kwenye miti ya dari mahindi yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake yananing'inia. Moshi unapita humo kutwa, unakausha na unafukuza wadudu, na kwa mvua ya Rungwe sijui ungekausha mahindi kwa njia gani nyingine, jua la kutosha la wiki nzima hapa ni bahati. Ila nikamuuliza na Scania je? Akacheka, akachukua muhindi mmoja akaubandua ganda, matundu yapo, machache lakini yapo. Nimekuja kujua huyu mdudu anapenda zaidi muhindi ulioko kwenye gunzi kuliko punje zilizopukuchuliwa, maana kwenye gunzi punje imeshikwa haitikisiki, anapata pa kujikazia akitoboa. Kwa hiyo huu mtindo mzuri kabisa wa kuning'iniza, uliowatosha mababu dhidi ya fukusi wa kawaida, kwa dumuzi unapwaya. Hakuwepo enzi zao. Asili yake ni Amerika ya Kati, huku kwetu kaonekana kwanza Tabora miaka ile ya kuelekea 1980 na kidogo, ndo akasambaa na magunia.

Vibuyu sasa. Bibi anavyo vingi, vingine vidogo vya kushika mkononi, vingine vinaingia debe. Kibuyu hakivunwi kikiwa na ujana, unasubiri mmea wenyewe ukauke shambani, unakitikisa, ukisikia mbegu zinagonga ndani unakata shingo. Alafu unajaza maji unakiacha siku kadhaa nyama ya ndani ioze, harufu yake bana, majirani wanajua. Ukimwaga hayo maji unatia kokoto na mchanga unatikisa mpaka kikwanguke, unarudia na maji safi mpaka uchungu uishe, unakwenda kukitundika kwenye moshi. Akanionyesha kimoja chenye mbegu za maharage tangu mwaka jana, mdomo umezibwa kwa kipande cha gunzi na juu yake nta ya nyuki imepakwa ikazunguka vizuri pasiwe na upenyo. Akakizibua, akamimina kiganjani, maharage yamepakaa majivu lakini hakuna hata moja lenye tundu. Majivu anachekecha kwa ungo mpaka yawe laini kabisa, yale ya chengachenga hayafanyi kazi. Sababu ni kwamba vumbi lile linajaza nafasi kati ya punje mdudu asipite, na linamkwangua ile nta ya mwilini mpaka anakauka. Na kibuyu kikizibwa hivyo hewa haiingii, wadudu waliomo wanakosa pumzi. Kanuni ni ile ile ya mifuko ya tabaka tatu, tofauti hiki kimeota nyuma ya choo cha bibi.

Nimepewa vitano. Nilitaka na mianzi ya huku maana ni mirefu na imenyooka, bibi akasema ya mlimani usiguse, Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, ya kukata ni ile aliyopanda mtu mwenyewe kwake. Na kubeba mianzi juu ya basi mpaka Iringa nani atakubali. Nikaacha.

Jumamosi, njiani

Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Ipogolo. Zaidi ya kilomita 300, vibuyu nimevipakata. Konda alitaka nivilipie kama mzigo, abiria mmoja mama mtu mzima akamwambia huyo kabeba mbegu, acha. Akaacha.

Hapa katikati nilikuwa na mpango wa kushuka Chimala kutafuta matete, maana nilikuwa nasikia kihenge cha matete ni chepesi na hakipasuki. Jirani yangu wa siti, mkulima wa mpunga Mbarali, akaniokoa nisipoteze nauli bure: matete ya maana yalikuwa kule kwenye kinamasi cha Ihefu, na eneo kubwa la ardhi oevu hiyo ya Usangu liliingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, ukikutwa na panga huko unaenda kueleza polisi. Matete yaliyobaki kwenye mifereji ya mpunga ni membamba. Sio kwamba nalalamika, Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kiangazi tangu miaka ya tisini na mto wenyewe lazima uponyeke, ila nilianza kuhesabu kichwani: mianzi ya mlimani hapana, matete ya Ihefu hapana. Hiyo ilikuwa bado asubuhi.

Makambako unaona vihenge vya serikali vya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, mabati yanang'aa, marefu. Kijana mmoja nyuma akasema hivyo ndo vihenge, vingine ni vikapu. Sikumjibu. Mafinga misonobari ya Sao Hill pande zote, na baridi inapenya mpaka kwenye magoti.

Jumapili, Iringa mjini na Kalenga

Nilipitia Soko Kuu kuangalia vikapu kwanza, nijue bei na nijue unene wa milulu inayokubalika, yale majani marefu ya bondeni yanayosukiwa. Vikapu vya Iringa mnavijua, vile vya rangi ya majani makavu vyenye mistari ya zambarau au kahawia, watalii wanavipenda kuliko sisi. Muuzaji mama mmoja akaniachia nikishike, akaniambia kikapu kizuri ukimwaga ulezi ndani hautoki hata punje, na ulezi unavyojulikana ni mdogo. Milulu yake anainunua siku hizi, haikati mwenyewe. Nikauliza kwa nini. Mabonde yamekwenda, akasema, akahudumia mteja mwingine.

Mchana nikapanda daladala la kwenda Kalenga. Kwa mgeni, Kalenga ndo ilikuwa ngome ya Mkwawa, pana makumbusho na fuvu lake lililorudishwa 1954 liko pale. Kijiji chetu kiko mbele kidogo, bodaboda.

Kamwene bibi! Kaniitikia toka uani akiwa ameinama anapepeta. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, vibuyu viko wapi. Hata maji sijanywa.

Kihenge cha zamani kiko bado, kimeinamia upande, kifuniko hakipo. Mjomba wa baba, huyu tunamwita babu tu, kachukua kisu kachokoa ufito mmoja, umemeguka ukatoka vumbi la njano, na ndani yake kadudu keusi kadogo kenye kichwa kama kimefichwa chini ya mabega. Ndo mwenyewe. Dumuzi asili yake ni mtoboa miti, mahindi yakiisha anaingia kwenye mianzi na nguzo za ghala anasubiri mavuno. Makopa ya mihogo nayo anakula. Kwa hiyo ukijaza mahindi mapya kwenye kihenge cha zamani umempelekea chakula mlangoni, na watu wengi hapa ndo wanapokosea alafu wanasema dawa ya dukani imechakachuliwa. Babu kaagiza kichomwe chote, na fito za ghala la jirani nazo ziangaliwe. Tumekichoma jioni ile ile, watoto wamefurahi kuota moto.

Jumatatu, bondeni

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri na ndo siku iliyonikera.

Tumetoka na shangazi kabla jua halijachomoza, kila mtu na mundu na kamba, umande umetulowesha mpaka kiunoni. Zamani, anasema shangazi, kuanzia pale kwenye mkuyu mpaka Ruaha Mdogo ilikuwa milulu tu, wanawake wa vijiji vitatu wanakata na inabaki. Leo ni matuta. Nyanya, vitunguu, kabichi, mashine za kuvuta maji zinanguruma, mabomba yamelala kila mahali. Bonde linakodishwa kwa ekari na kodi inapanda kila mwaka, na mwenye bonde hawezi kuacha majani yasiyomlipa, hata ningekuwa mimi nisingeacha. Tumetembea karibu saa mbili nzima tukifuata kingo za mfereji mpaka tukapata kipande chenye unyevu mwingi mno kwa nyanya, hapo ndo milulu imebaki.

Shangazi kaingia majini bila kuvua hata khanga. Kaninyooshea mmoja akaniambia gusa, mlulu ulioiva unateleza, una ugumu katikati na ncha yake imeanza kuwa njano, mchanga unakunjika kama hauna mfupa na ukikauka unajikunja wote unakuwa hauna faida. Unakata chini karibu na maji, hung'oi. Alikasirika sana alipoona sehemu mtu kang'oa na mizizi yake, akasema huyo mwakani atakuja kukata nini. Nikakumbuka habari za okidi za Kitulo, mizizi ile ilivyokuwa inachimbwa kwa magunia kwenda kuuzwa Zambia kwa chikanda, chakula chao cha mizizi hiyo, mpaka watu wakaanza kuogopa itaisha, Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukikata juu mmea unarudi, ukichukua chini umemaliza hadithi. Shangazi hajawahi kufika Kitulo wala hakuhitaji.

Tumepata mizigo minne ya kubeba kichwani. Nyumbani tumeipanga kwa urefu, mirefu ya kikapu kikubwa, mifupi ya vifuniko, tukaitandaza juani. Inageuzwa mara kwa mara, na usiku inaingizwa ndani kwa sababu umande ukiipata inaota madoa meusi na madoa hayo ni ukungu, ukungu huo huo utakwenda kwenye chakula.

Mwenye kile kipande tulikutana naye wakati tunatoka. Kijana mpole. Kasema chukueni tu shangazi, ila mwakani nachimba mtaro maji yashuke, nataka kupanda nyanya.

Jumanne, mianzi na magome

Asubuhi kwa mzee mmoja mwenye mianzi ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msimu wa ulanzi ulikuwa umeshapita, uliobaki ni mkangafu, ule mkali uliochacha, kidogo kwenye dumu ambao babu aliuonja kwa ajili ya kuhakikisha, kisha akauhakikisha tena. Mzee kaweka sharti: machipukizi na mianzi michanga hakuna kugusa, hiyo ndo inayokatwa ncha mvua zikianza ili itoe ulanzi, ndo ada za shule. Chukueni mizee. Na ndo tuliyokuwa tunaitaka. Muanzi mchanga una unga mweupe juu ya ngozi na kijani kibichi, mzee umeanza unjano na mabaka ya kijivu, ukiugonga kwa mgongo wa panga unalia mkavu. Wadudu wanafuata wanga wa ndani ya muanzi, na ndo maana pia unakatwa kiangazi sio masika. Babu anaongeza kwamba mwezi uwe unafifia, mwezi mpevu muanzi unaliwa haraka. Hilo la mwezi mimi sina ushahidi nalo, ila nimekata alivyosema, kubishana na mzee mwenye panga sio kazi yangu.

Kuupasua ni ufundi, nimetazama muda mrefu. Unapasua katikati, alafu kila nusu unapasua katikati tena, na tena. Ukitaka kuchana kipande chembamba kutoka pembeni ufa unakimbilia nje na umeharibu. Baadae unabandua ile nyama laini ya ndani unabaki na ganda, maana nyama ndo chakula cha wadudu, ganda lenyewe ni gumu kweli. Babu ana zaidi ya miaka sabini na alikuwa anamaliza muanzi mzima kabla mimi sijamaliza nusu, na fito zake ziko unene mmoja bila kupima.

Fito tumezizamisha mtoni tukaziwekea mawe juu. Ingekuwa vizuri zikae wiki kadhaa wanga utoke wote, sisi hatuna muda huo, tutazitoa Alhamisi asubuhi na tutazifukiza moshi.

Magome ya kufungia hayakupatikana vizuri. Miombo iko upande wa vilima, lakini gome linabanduka lenyewe wakati wa mvua miti ikiwa na maji, Juni limeshikamana unatoa vipande vipande. Na ukizungusha gome lote kwenye mti umeua mti, kwa hiyo tulichukua kidogo upande mmoja wa matawi, tukaacha. Kamba zilizobaki tumetengeneza kwa katani ya uzio wa jirani, kuponda na kukwangua kwa ubao, mikono inawasha mpaka sasa ninavyoandika.

Jumatano, utupa

Siku fupi. Tumechuma utupa kwenye mpaka wa shamba la bibi, vichaka vyenye majani madogo madogo yenye manyoya ya kijivu na maua meupe, maganda ya mbegu laini kama sufi. Ni sumu kweli kweli, wavuvi wabaya wanauponda wanamwaga mtoni samaki wanaelea, na ni kosa kisheria. Kwa hiyo bibi ana utaratibu: kuchuma na kitambaa puani, kuanika kivulini maana jua linaua nguvu yake, kutwanga kwenye kinu ambacho hakitwangi kitu kingine, kuchekecha. Unga wake unapakwa kwenye maharage ya mbegu tu. Ya kula hapana, hata kama wengine wanafanya wanaosha baadae, bibi kakataa na mimi nakubaliana naye. Mwarobaini ungefaa lakini huku juu kwenye baridi hauoti vizuri. Bangi pori ipo tele shambani, lile gugu la harufu kali, sio bangi ya kuvuta, tumeitandika chini ya magunia.

Mahindi mapya nayo yalipimwa leo. Bibi anapima kwa jino, anauma punje, ikilia ka! ni kavu, ikibonyea ni mbichi. Jino lenyewe limebaki upande mmoja, kwa hiyo nikamwonyesha na njia ya chumvi: chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, punje juu yake, unatikisa dakika chache unaacha itulie, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi yana maji mengi. Iliganda. Bibi kauma, kasema si nilijua. Yamerudi juani, tunataka yashuke mpaka kama asilimia 13. Hili sio la kuchezea, 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, Dodoma na Manyara, na ukishafunga mahindi mabichi mahali popote, iwe kihenge, iwe mfuko wa kisasa, umefuga ukungu.

Alhamisi na Ijumaa, kusuka na kukandika

Nguzo nne za mlingoti, juu yake jukwaa, usawa wa kiuno changu na zaidi, kila nguzo imevikwa bati la kopo lililopinduliwa panya akipanda agonge mwamba. Fito za kusimama babu kazihesabu kwa sauti na akairudia hesabu, zisiwe jozi. Nilidhani ni mwiko, kumbe ni hesabu tu: zikiwa jozi, ufito unaozunguka ukimaliza mzunguko unapita pale pale ulipopita mwanzo na kusuka kunakuwa hakuna, zikiwa zimebaki moja kila mzunguko unajigeuza wenyewe, nje unakuwa ndani. Alianza chini na mianzi mizito, kadiri anavyopanda fito zinakuwa nyembamba, tumbo likatanuka, shingo ikarudi ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa kulowesha fito na kugonga chini kwa rungu zibanane. Watoto walizamishwa ndani kugonga kutoka huko, wakatoka weupe kwa vumbi.

Udongo ni wa kichuguu, sio wa shambani. Mchwa wameshaukoroga wenyewe unanata, tukauchanganya na mavi ya ng'ombe mabichi na maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa unavutika bila kupasuka. Shangazi na bibi ndo wamekandika, ndani kwanza, kiganja wazi kutoka chini kwenda juu, na pale kwenye maungio ya sakafu na ukuta bibi amerudia kwa kidole kimoja akizungusha polepole mpaka kona ikapotea ikawa mviringo. Kona ndo nyumba ya fukusi, kasema, asipate pa kukaa. Nje wamekandika Ijumaa asubuhi. Kifuniko ni cha milulu yetu, paa la nyasi linalonyanyuliwa kwa mti.

Jumamosi, kabla ya kuondoka

Kinatakiwa kikauke wiki mbili, tatu kwa baridi hii, na nyufa zitakazotokea zinapakwa tena maji ya udongo. Mgao umeamuliwa na bibi bila kikao. Mahindi yakishakauka yanapukuchuliwa yote yanaingia kwenye mifuko ya tabaka tatu, shangazi kashinda hapo, na kwa dumuzi kwa kweli hakuna ubishi. Kihenge ni cha ulezi. Ulezi punje yake ndogo mno fukusi hapati pa kutagia, ukiwa mkavu unakaa miaka, na bibi anakumbuka njaa moja utotoni ambayo walitoka nayo kwa ulezi wa kihenge tu. Maharage ya kula majivu, ya mbegu utupa, ndani ya vibuyu vya Tukuyu vitano vilivyozibwa kwa nta. Baba mdogo kapiga simu kuuliza pipa lake la bati, bibi kamwambia lilete nitawekea maji.

Kilichobaki ni kile kipande cha bondeni. Nimepiga hesabu na shangazi, watu wanaosema vijana hatujui tena kusuka wanatuonea kidogo, kwenye kijiji hiki peke yake nimeona wanawake wanaojua wengi na wasichana wawili wanasuka vizuri kuliko shangazi, wote wananunua milulu au wanakaa bila. Mzee wa mianzi anailinda mianzi yake kwa sababu inamlipa ulanzi. Milulu hailipi mwenye bonde chochote, anayelipwa ni msusi na muuza sokoni. Kwa hiyo tumempigia yule kijana asubuhi hii, tumemuuliza akituachia upana wa hatua kumi kando ya mfereji asichimbe, kwa mwaka atataka shilingi ngapi. Kataja bei ya nyanya. Shangazi kamwambia hapo hata nyanya zenyewe zingeoza kwa maji, ashuke. Kashuka kidogo, kasema tuongee tena akivuna kabichi. Wasusi sita wameshakubali kuchanga, wa saba anasubiri mume wake arudi Ilula. Basi langu saa nne, shangazi kabaki na namba yake.